Ndoo ya Maji Kabla ya Chupa ya Asidi

Mzazi anapomfikisha mwanawe kituoni akiwa ameungua kwa kemikali, neno la kufarijiana husemwa upesi: ajali haina kinga. Ni neno la huruma, na anayelisema hakusudii ubaya. Hata hivyo, kwa jeraha la kemikali lililopatikana nyumbani neno hilo si kweli. Jeraha la namna hiyo lina kinga, na kinga yake ni rahisi kuliko tiba yake kwa kiasi kisichopimika. Jicho lililounguzwa na kostiki soda laweza kupofuka licha ya upasuaji wote wa kisasa, ilhali jicho hilohilo lingeweza kuokolewa kwa ndoo moja ya maji iliyokuwa karibu.

Makala haya yanahusu kazi ambayo wahudumu wengi wa afya hawajapata kuifikiria kuwa chanzo cha majeraha: utengenezaji wa bodi za saketi nyumbani, kazi inayofanywa na vijana wanaopenda umeme, redio na vifaa vya kielektroniki. Hoja yake ni moja. Kijana huyo asifukuzwe wala asitishwe, bali mambo mawili yatangulie kazi yake: chombo chenye jina, na maji yaliyokwisha kuchotwa. Kazi yake imefika nyumbani bila miko, na ni wajibu wa watu wa afya kusaidia kuiwekea miko hiyo.

Pongwe si mgeni wa kemikali

Pongwe iko kando ya barabara itokayo Tanga kwenda Segera, zaidi ya kilomita kumi kutoka katikati ya jiji. Ardhi yake ni ya mawe ya chokaa, ndugu wa mawe yale ambayo maji yaliyatoboa kwa miaka mingi yakawa mapango ya Amboni. Kwa sababu ya mawe hayo kiwanda kikubwa cha saruji kimejengwa hapo, na kwa sababu hiyohiyo uchomaji wa chokaa ni kazi inayojulikana katika ukanda huo.

Kwa hiyo mkazi wa Pongwe hahitaji kufundishwa kwamba kuna vitu vinavyounguza bila moto. Ameona chokaa hai ikimwagiwa maji inavyochemka na kutoa mvuke. Anajua kuwa fundi mwashi akishinda na saruji mbichi mikononi, jioni vidole vyake vitakuwa vimechubuka. Kina mama wanaopika sabuni wanajua kuwa kostiki soda haishikwi kwa mkono mtupu, na kwamba siku ya kuikoroga mtoto hutolewa uani. Maarifa hayo hayakuandikwa kitabuni. Yalipokewa kutoka kwa aliyetangulia katika kazi, pamoja na makatazo yake: hiki usikiguse, kile usikiweke hapa, hapa usivute pumzi. Kila kazi ya hatari iliyodumu imedumu kwa sababu ina miko.

Utengenezaji wa bodi za saketi umefika kwa njia nyingine. Kijana hakukaa chini ya fundi miaka miwili akitumwa maji na kukemewa. Amejifunza kwa simu, kwa video ya dakika chache iliyorekodiwa katika nchi yenye bomba la maji jikoni na duka la miwani ya kinga mtaa wa pili. Video imempa ustadi wa kazi, haikumpa miko yake. Ile iliyotajwa, kama ilitajwa, ilikuwa ya nyumba isiyofanana na yake.

Kazi yenyewe na kemikali zake

Bodi ya saketi ni kibao cha nyuzi za kioo na gundi ngumu, kilichofunikwa kwa utando mwembamba wa shaba. Fundi huchora njia za umeme juu ya shaba hiyo kwa wino usiotoka, au huhamishia juu yake mchoro uliochapwa kwa mashine ya leza, akiukandamiza kwa pasi ya nguo. Kisha hukitumbukiza kibao katika kemikali inayokula shaba yote isiyofunikwa, na zinazobaki ni njia alizozichora. Mbinu hii ni ya siku nyingi. Mhandisi Paul Eisler, mzaliwa wa Austria aliyehamia London, alitengeneza redio yenye saketi ya kuchapwa mwaka 1936. Leo kila redio, simu na mashine ya kupimia shinikizo la damu ina bodi iliyotokana na wazo hilo.

Kemikali inayotumiwa zaidi na wanafunzi na mafundi wa nyumbani ni feriki kloraidi, chumvi ya chuma yenye rangi ya kahawia. Haina ukali wa asidi kali, lakini si ya kudharauliwa. Huunguza jicho, huwasha ngozi, na hutia doa lisilotoka kwenye nguo na sakafu. Ile iliyo kavu kabisa hupata joto kali inapotiwa majini, na kwa sababu hiyo huongezwa kidogo kidogo ndani ya maji, wala maji hayamwagwi juu yake. Kanuni hiyo inazihusu asidi zote: asidi huenda kwenye maji, maji hayaendi kwenye asidi.

Kuna jambo moja kuhusu feriki kloraidi ambalo nyumba ya Kiswahili inapaswa kulijua kuliko nyumba nyingine yoyote. Chombo kilicho karibu na kila mkono katika nyumba zetu ni sufuria ya alumini, na feriki kloraidi hushambuliana na alumini kwa nguvu, ikitoa joto na gesi inayoweza kushika moto. Kijana atakayeitia kemikali hiyo katika sufuria na kuibandika juu ya jiko la mkaa ili ifanye kazi haraka atakuwa amekusanya makosa matatu mahali pamoja: chombo kisichofaa, moto wa wazi, na mvuke unaopanda usoni pake. Chombo kinachofaa ni cha plastiki au kioo. Kama ni lazima kemikali ipashwe, chombo hicho huwekwa ndani ya beseni la maji ya moto, mbali na moto wowote. Tena chombo hicho hakirudi jikoni kamwe, hata kikioshwa mara saba.

Pale feriki kloraidi inapokosekana au inapokuwa ghali, wengine hugeukia mchanganyiko wa asidi hidrokloriki, ile ya kusafishia marumaru na vyoo, pamoja na haidrojeni peroksaidi. Mchanganyiko huo hula shaba upesi, na hatari yake ni kubwa zaidi. Ukiwa mkali kupita kiasi hutoa gesi ya klorini. Ukifungwa ndani ya chupa yenye kifuniko kilichokazwa hutoa gesi mpaka chupa hupasuka. Wapo pia wanaofikiria kutumia asidi ya betri pamoja na peroksaidi kwa kuwa asidi hiyo hupatikana kwa fundi wa magari. Jaribio hilo lisifanywe nyumbani kwa hali yoyote, kwa maana viwili hivyo vikiwa vikali huchemka ghafla na kurukia uso wa aliyeinama juu yake.

Kuna katazo lililo kubwa kuliko yote katika fungu hili: asidi na jiki visikutane. Asidi ikichanganyika na dawa ya kung'arishia nguo hutoa klorini papo hapo. Mtu anayemwaga asidi iliyotumika katika choo kilichotoka kusafishwa kwa jiki anaweza kujikuta hawezi kuvuta pumzi kabla hajaufikia mlango.

Mwisho, wanaotumia njia ya mwanga kuchora njia zao huhitaji kostiki soda kidogo ili kuuosha utando ulioachwa. Hapa ndipo jicho lilipo hatarini zaidi. Kwa kawaida asidi huifanya nyama ya juu igande, na ukoko huo huipunguzia asidi kasi ya kuzama. Alkali haina breki hiyo. Huyeyusha mafuta ya seli, hulainisha nyama na kuendelea kupenya, na huweza kufika ndani ya jicho katika muda wa dakika chache. Kostiki soda huonekana kama chumvi ya jikoni, haina harufu, na huogopwa kidogo kuliko asidi. Madhara yake kwa jicho aghalabu ni makubwa kuliko ya asidi.

Chupa isiyo na jina

Kemikali hizi zote zina tabia mbalimbali, lakini nyumbani hukutana katika desturi moja: hununuliwa kwa kipimo na kumiminwa katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Muuzaji hupunguza gharama, mnunuzi hupata anachohitaji, na wote wawili wanajua kilichomo. Asiyejua ni mtoto wa miaka mitatu aliyeona chupa anayoifahamu, yenye rangi anayoifahamu, imesimama chini ya meza. Asiyejua ni bibi aliyerudi shambani akiwa na kiu, akapapasa gizani kwa kuwa umeme umekatika.

Anayemeza kostiki au asidi kali huungua kinywa, koo na umio. Akinusurika siku za kwanza, kovu huanza kuubana umio wake wiki kadhaa baadaye. Chakula kigumu hukwama, kisha uji hukwama, kisha hata mate. Mtoto huyo hurudishwa hospitalini tena na tena ili umio upanuliwe, na wengine hulishwa kwa mrija tumboni. Miaka mingi baadaye, hatari ya saratani ya umio kwake huwa juu kuliko ya wenzake. Chanzo cha yote hayo ni funda moja tu.

Historia ya tiba inatoa funzo hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20 nchini Marekani, daktari wa koo Chevalier Jackson aliwatibu watoto wengi waliokunywa magadi makali yaliyotumika majumbani kwa sabuni na usafi. Alikuwa bingwa wa kupanua umio ulioziba, na angeweza kuridhika na ubingwa huo. Badala yake aliona kuwa mkono wa mpasuaji umechelewa, na kwamba tiba ya kweli ni karatasi iliyobandikwa juu ya kopo. Akafanya kampeni kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1927 ikapitishwa sheria ya shirikisho iliyoamuru vifungashio vya kemikali za kuunguza viandikwe kuwa ni sumu, pamoja na maelezo ya huduma ya kwanza. Daktari huyo hakudai kostiki iondolewe nchini. Alidai iwe na jina.

Tanzania nayo ina sheria yake. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 iko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na neno "majumbani" katika jina lake halikuwekwa kwa bahati. Aidha, upo mfumo wa kimataifa wa alama za hatari, wenye picha ndani ya fremu nyekundu iliyosimama kwa pembe: fuvu kwa sumu, mkono na chuma vinavyolika kwa kemikali za kuunguza, mwali wa moto kwa vinavyowaka. Alama hizo zimebuniwa ili hata asiyeijua lugha ya kiwandani azielewe. Hazina faida yoyote, hata hivyo, kemikali inapohamishiwa kwenye chupa ya soda, kwa sababu alama hubaki dukani na hatari huenda nyumbani.

Kwa hiyo mwiko wa kwanza uwe huu: kemikali haiingii katika chombo cha chakula au kinywaji, si kwa siku moja wala kwa saa moja. Kemikali ikae katika chombo ilichonunuliwa nacho, au katika chombo kigumu cha plastiki ambacho hakijawahi kuwa cha kinywaji, kimeandikwa kwa wino usiofutika jina la kilichomo, neno SUMU na tarehe. Nacho kiwekwe juu, chini ya kufuli, si uvunguni.

Maji yatangulie

Mwiko wa pili unahusu maji. Dakika za kwanza baada ya kemikali kugusa jicho au ngozi huamua mengi kuliko saa zitakazofuata hospitalini. Kinachoponya katika dakika hizo ni maji mengi, safi, yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 20, na zaidi ikiwa ni kostiki, saruji au chokaa. Haiwezekani kuyatafuta maji hayo wakati jicho limekwisha kuungua. Palipo na bomba lisilotegemewa, au pasipo na bomba kabisa, anayetaka kufungua chupa ya kemikali achote maji kwanza: ndoo mbili zilizojaa, na kata au jagi juu yake, mahali pa kufikika kwa macho yaliyofumbwa. Kama siku hiyo maji hayapo, kazi ingoje siku nyingine.

Hapa kuna mgongano na desturi njema. Jamaa wanapomwona kijana analia ameshika jicho, moyo huwaambia wamkimbize hospitali. Bodaboda huitwa, safari ya kwenda Bombo huanza, na kwa urefu wote wa njia hiyo kemikali inaendelea kula. Huruma yao imemnyima mgonjwa dawa aliyokuwa nayo uani. Agizo la kukumbukwa na kila nyumba ni hili: osha kwanza, safiri baadaye. Jicho lifunguliwe kwa vidole hata kama mgonjwa anakataa, kichwa kiinamishwe upande wa jicho lililoumia ili maji yasiingie katika jicho zima, na maji yamiminwe kutoka pembe ya pua kuelekea nje. Nguo zilizoloa zivuliwe huku maji yakiendelea kumiminwa. Kama kilichomwagika ni unga mkavu, kwa mfano kostiki au chokaa, ukung'utwe kwanza kwenye ngozi, kisha maji mengi yafuate bila kuchelewa.

Yapo mambo yasiyofaa ambayo hufanywa kwa nia njema. Asidi haitibiwi kwa magadi juu ya ngozi, wala kostiki haitibiwi kwa siki, kwa maana mapambano ya viwili hivyo huleta joto juu ya kidonda. Jichoni hapatiwi maziwa, asali wala dawa ya majani. Aliyemeza asitapishwe, kwani kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Asipewe mkaa, wala asilazimishwe kunywa kitu ili "kukata sumu". Kinywa chake kisukutuliwe, naye apelekwe hospitalini haraka pamoja na chombo alichokinywea. Aliyevuta klorini atolewe kwenye hewa safi na achunguzwe kituoni hata akisema amepona, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baada ya kikohozi kutulia.

Swali la muuguzi

Mhudumu wa afya katika zahanati ndiye anayeweza kuyapa maneno haya uzito. Mara nyingi mgonjwa wa namna hii hasemi ukweli mara moja. Kijana anaogopa baba, mama anaona haya, na muuguzi aliyechoka huanza kwa karipio: "Nani alikutuma kuchezea sumu?" Baada ya swali hilo mlango hufungwa. Swali linalofaa huulizwa kwa upole: "Pole, mwanangu. Tuambie ni kitu gani, na chupa yake iko wapi?" Mama akijibu, "Muuguzi, mimi sijui, ni maji yake ya redio," amekwisha kutoa habari nzuri. Atumwe mtu nyumbani kuileta chupa huku uoshaji ukiendelea, wala uoshaji usingoje chupa hiyo.

Zahanati haihitaji mashine kwa hatua hii. Mfuko wa maji ya dripu na mrija wake hutosha kulimwagilia jicho kwa mtiririko wa taratibu. Matone ya ganzi, yakiwapo, humsaidia mgonjwa kuvumilia. Kope ya juu igeuzwe na vipande vya chokaa au kostiki viondolewe kwa pamba iliyoloanishwa, kwa kuwa kipande kimoja kilichojificha huko huendelea kutoa sumu hata baada ya lita nyingi za maji. Karatasi ya kupimia pH, kitu cha bei ndogo, huonyesha kama kazi imekwisha: ipimwe muda mfupi baada ya kusitisha maji, na irudiwe, kwa maana alkali iliyozama hurejea juu. Jicho likirudia hali ya kawaida ndipo mgonjwa apewe rufaa. Kwa aliyemeza, mrija wa tumboni usipitishwe kwa kubahatisha, kwani umio ulioungua hutoboka kwa urahisi.

Je, kazi hii ipigwe marufuku?

Wapo watakaosema kwamba njia fupi ni kuikataza kazi hii majumbani. Hoja yao si ya kupuuzwa. Chumba kimoja ambamo familia hulala, hupika na kuhifadhi chakula si karakana, na hakuna miwani inayoweza kukifanya kiwe karakana. Ni kweli pia kwamba kazi nyingi za mwanafunzi hazihitaji kemikali kabisa, kwa sababu bodi yenye matundu, ambayo vipande hupachikwa na kuunganishwa kwa nyaya na risasi ya kulehemu, hutosha kwa majaribio. Anayeweza kutumia bodi hiyo aitumie. Kemikali isiyonunuliwa haimwagiki.

Hata hivyo marufuku tupu ingefanya jambo moja tu kwa hakika, nalo ni kuihamisha kazi kutoka uani hadi chumbani, mlango ukiwa umefungwa, mahali ambapo hewa ni haba na mtu wa kumiminia maji hayupo. Tena ingewaadhibu vijana ambao nchi inawahitaji. Mashine za hospitali zinapoharibika hutafutwa mtu anayejua kusoma bodi, na mtu huyo hakuanza kujifunza akiwa na miaka 30. Yaliyo ya busara ni kuisogeza hatari mahali inapoweza kusimamiwa. Tanga ina chuo cha VETA, ina shule ya sekondari ya ufundi, na ina bustani ya sayansi ya vijana, STEM Park. Meza moja yenye bomba, dirisha kubwa, miwani na chombo cha taka, ikifunguliwa kwa vijana siku moja ya juma chini ya mwalimu, ingeondoa chupa nyingi chini ya vitanda. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya kumtunza mtoto mmoja aliyeziba umio.

Na anayefanya kazi nyumbani kwa kuwa hana mahali pengine, afanye nje, uani, penye upepo unaotoka mgongoni kwake, watoto wakiwa na mtu wa kuwaangalia. Avae miwani inayofunika pande zote za macho, glavu za mpira zisizotoboka, na viatu vya kufunika vidole. Asile wala asivute sigara kazini. Anapotoboa bodi ailoanishe na afunike pua, kwa maana vumbi la nyuzi za kioo huwasha koo na mapafu. Wanaochagua mchanganyiko wa siki, chumvi na peroksaidi hafifu ya asilimia 3 wamechagua njia ya polepole iliyo na ukali mdogo. Lakini wasidanganyike na asili yake ya jikoni, kwa kuwa shaba ikiyeyuka ndani yake maji hayo huwa sumu kama mengine.

Maji ya kijani yaende wapi?

Linabaki swali la taka, na hapa mawe ya Pongwe yana neno. Kemikali iliyokwisha kufanya kazi imebeba shaba iliyoyeyuka. Shaba hiyo huua samaki na viumbe vya majini hata ikiwa kidogo, na humtapisha na kumdhuru mtu anayeinywa. Katika nchi ya mawe ya chokaa, maji ya chini hayachujwi polepole kama katika mchanga, bali hupita katika nyufa na mifereji ya mawe na kutokea mbali upesi. Kilichomwagwa katika shimo la choo leo chaweza kuwa ndani ya kisima cha jirani kabla ya msimu kwisha. Kwa hiyo kisimwagwe chooni, mtaroni wala shimoni.

Dawa ya kupunguza madhara iko palepale. Taka ya asidi yenye shaba ikitiwa chokaa iliyozimwa au magadi, kidogo kidogo, nje, katika ndoo kubwa ya plastiki iliyojaa chini ya nusu, ukali wake hupungua na shaba hushuka chini kama tope. Magadi hutoa povu jingi, na ndiyo sababu ndoo isijazwe na haraka isiwepo. Tope hilo likichanganywa na saruji na kuachwa ligande, shaba hufungwa ndani ya jiwe na haitiririki tena kwa wepesi. Hatari imepungua kwa njia hiyo, haijatoweka. Jiwe hilo lisitupwe kisimani wala lisijengewe karo la maji, na taka nyingi za shule au karakana zipelekwe kwa njia ambayo mamlaka za kemikali na mazingira zitaelekeza. Lakini ni jambo la kutafakari kwamba mji uliokua juu ya chokaa na saruji una mkononi mwake vitu vya kuifunga sumu hii.

Wajibu wa kila mmoja

Muuzaji akatae chupa ya soda iliyoletwa dukani kwake, na akimwuzia mtu kemikali amwuzie pamoja na jina lake. Mwalimu afundishe kuchota maji kabla ya kufundisha kuyeyusha shaba. Mzazi asiitupe meza ya mwanawe, bali aiulizie: hiki ni nini, na kikimrukia mdogo wako utafanya nini? Kijana asiyeweza kulijibu swali hilo hajawa tayari kukifungua chombo. Mhudumu wa afya ajiandae kabla mgonjwa hajafika: mfuko wa dripu, karatasi ya pH, na kauli isiyomfukuza mwenye kosa.

Mambo haya hayahitaji bajeti mpya wala sheria mpya. Yanahitaji kusemwa mara nyingi mpaka yawe miko, kama ule wa kumtoa mtoto uani siku ya kupika sabuni, ambao leo hakuna anayekumbuka uliwekwa na nani. Kijana wa Pongwe atakayechota ndoo mbili za maji kabla ya kufungua chupa iliyoandikwa jina lake huenda asijue kamwe ni jeraha gani aliloepuka. Ndivyo kinga ilivyo: faida yake haionekani, na mwenye kuipata hubaki na macho yake mawili akiendelea na kazi.